Mpira wa rejeta

Kikundi: UKOO WA BI MWANTUMU 🏠

IJUMAA

[10:42] Iddi: Assalamu alaykum. Shikamooni wakubwa wote. Msishtuke, tumesimama, tumeshapita Mombo, hatujafika Mkumbara. Gari imechemsha. Shangazi Mwanahawa ni mzima, nimemkalisha kivulini.

[10:43] Mama Iddi: Yaa Rabi! Mmegonga?

[10:43] Iddi: Hapana mama. Imechemsha tu. Mpira wa rejeta ule wa juu umepasuka penye klipu, maji yote yamekwenda.

[10:44] Baba Mdogo Salimu: Nilisema.

[10:44] Baba Mdogo Salimu: Nafasi kwenye Noah ilikuwepo. Mtu unampakia mtu mzima kwenye gari la mashindano, ekzosi inaamsha watoto mtaa mzima, kisha unataka lifike Moshi.

[10:45] Tatu: BaMdogo hata salamu hujaitikia 😂

[10:45] Baba Mdogo Salimu: Waalaykum salaam. Marahaba. Nilisema.

[10:46] Iddi: Sio gari la mashindano baba, ni Subaru Impreza ya 2003 yenye tabo, basi. Na mpira nilibadilishiwa mwezi uliopita kwenye gereji fulani hapo Dar, wamekaza klipu mpaka imekula mpira wenyewe.

[10:47] Mama Iddi: Nani ana namba ya bredauni Korogwe?

[10:48] Mjomba Rajabu: Ninayo ya yule bwana aliyenivuta mwaka juzi. Ila alinipiga bei. Ngoja niitafute.

[10:49] Mama Iddi: Au Mwanahawa asimamishe basi la Moshi aendelee. Harusi kesho, yeye ndiye mwenye pilau.

[10:50] Shangazi Mwanahawa: Sipandi basi na ndoo mbili za vitunguu, sinia, na mikate sita ya kumimina. Nipo hapa na Iddi

[10:51] Baba Mkubwa Hashimu: Iddi, mshale wa joto ulifika wapi kabla hujazima?

[10:52] Iddi: Shikamoo baba mkubwa. Ulipovuka katikati tu nikazima hapo hapo, nikaserereka mpaka pembeni. Sikuikaza ifike kituo cha mafuta.

[10:53] Baba Mkubwa Hashimu: Marahaba. Hapo umejiokoa. Ungeikaza ungeagana na gasketi ya silinda hedi, na kwenye Subaru hedi ziko mbili. Usifungue mfuniko sasa, utaungua uso.

[10:54] Iddi: Ndivyo alivyoniambia na dada mmoja wa Arusha. Nimetuma picha kwenye kikundi chetu cha Subaru, kanipigia kabla sijaweka simu chini. Simjui, sijawahi kumuona.

[10:55] Baba Mdogo Salimu: Kikundi cha Subaru. Mnakaa huko mnapigiana picha za rimu.

[10:58] Mjomba Rajabu: Namba haipatikani.

[11:01] Mjomba Rajabu: Nimepata nyingine. Anasema anataka hela nusu kabla hajatoka.

[11:02] Mama Iddi: Mwambie tunachanga. Kila mtu elfu 20.

[11:03] Tatu: Mimi nitatoa mwisho wa mwezi 🙈

[11:04] Iddi: Mama subirini kwanza msichange. Kuna jamaa Korogwe ametoka na mpira. Yuko njiani.

[11:04] Mama Iddi: Jamaa gani?

[11:05] Iddi: Wa kikundi.

[11:05] Baba Mdogo Salimu: Unamjua?

[11:05] Iddi: Namjua gari yake.

[11:06] Baba Mdogo Salimu: 🤦🏾‍♂️

[11:09] Baba Mkubwa Hashimu: Salimu, usimcheke. Mimi mwaka 1997 nilikuwa Nairobi, dereva Colin McRae aliposhinda Safari Rally na Impreza hiyo hiyo unayoicheka. Rali ile tangu ilipoanza 1953, enzi ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, gari likizama matopeni wanaolisukuma ni watu wa kijijini, hawamjui dereva wala hawaelewani lugha. Anayependa gari hajui mgeni.

[11:10] Tatu: Baba mkubwa na McRae tena, mwaka huu mara ya nne 😂

[11:12] Mama Iddi: Iddi weka matawi barabarani, malori ya hapo hayana huruma

[11:13] Shangazi Mwanahawa: Nimeshakata mimi. Kwa kisu cha vitunguu

[11:47] Mama Iddi: Kimya mbona? Kafika?

[11:58] Mama Iddi: Iddi?

[12:10] Mjomba Rajabu: Wa bredauni anauliza, aje asije?

[12:31] Shangazi Mwanahawa: Asije. Iddi ana mikono michafu naandika mimi
Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nasoma uradi wangu. Bodaboda ikaja mbio, nyuma kapanda kijana mwembamba, shingoni kajivika kitu cheusi kinene kama chatu, mgongoni begi la spana. Nikasema Mwanahawa leo ndio mwisho wako. Akashuka, shikamoo mama, poleni na safari. Hakuuliza hata jina. Akaenda moja kwa moja kwenye boneti

[12:33] Shangazi Mwanahawa: Klipu ya zamani imeshika kutu kichwani, bisibisi inateleza. Akageuka akaniangalia, mama huna kisu? Nikampa kile kile. Klipu imefunguka, ncha ya kisu imekatika. Kisu cha mahari yangu kile, tangu 1989

[12:34] Mama Iddi: Loh!

[12:35] Shangazi Mwanahawa: Kimefia kazini

[12:36] Tatu: 😭😭😭

[12:38] Mjomba Rajabu: Sasa si mshaweka mpira? Mnangoja nini?

[12:44] Iddi: Kutoa hewa mjomba. Hii injini silinda zimelala, mbili huku mbili huku, hewa inajificha. Ukijaza maji ukafunga ukaondoka, baada ya kilomita 10 umechemsha tena. Madumu ya maji tumepewa na nyumba ya jirani, kulanti ya rejeta kaja nayo yeye. Inakunywa kama lita 7. Anamimina kidogo kidogo kwenye kitangi cha juu ya injini, huku anabinya mpira.

[12:45] Shangazi Mwanahawa: Anaukamua kama chuchu ya ng'ombe. Povu linapanda, anangoja, anaongeza, anakamua

[12:46] Baba Mkubwa Hashimu: Mwambie aangalie mapovu. Yakikoma, salama. Yakija mfululizo injini ikiwaka na hayaishi, hiyo ni gasketi.

[12:47] Iddi: Ndicho anachoangalia hicho baba mkubwa, kaweka tochi ya simu humo ndani dakika kumi hajapepesa macho. Yamekoma 🙏🏾

[12:49] Shangazi Mwanahawa: Sasa mimi wamenifanya kipimo. Wamewasha hita mpaka mwisho, jua la Mombo hili, nikae mbele ya matundu niseme upepo wa moto au wa baridi. Wa kwanza ulikuwa wa baridi, wakasema bado. Sasa ni wa moto. Wameshangilia kama nimejifungua

[12:50] Tatu: Hita Mombo 🥵

[12:51] Iddi: Hita ikitoa moto maana yake maji yanazunguka mpaka huko. Hadi Same tutaenda nayo imewashwa, kwa usalama.

[12:51] Shangazi Mwanahawa: Nani ataenda nayo?

[13:05] Iddi: Tumeondoka. Mshale umetulia chini ya katikati. Shangazi kafungua vioo vyote.

[13:06] Baba Mdogo Salimu: Alhamdulillah. Kachukua shilingi ngapi?

[13:20] Shangazi Mwanahawa: Iddi anaendesha, najibu mimi. Kampa elfu 50, kakataa. Kachukua ya bodaboda tu, kwenda na kurudi, maana ile pikipiki si yake. Nikamlazimisha mikate miwili ya kumimina. Wa kwanza kaula hapo hapo kasimama, mikono ina grisi

[13:21] Baba Mdogo Salimu: Na mpira wenyewe bei gani?

[13:24] Shangazi Mwanahawa: Mpira hauuzi. Ni wa gari lake mwenyewe

[13:25] Baba Mdogo Salimu: Sijaelewa.

[13:26] Shangazi Mwanahawa: Na yeye ana gari kama la Iddi, liko nyumbani kwake juu ya matofali linangoja beringi ya tairi la nyuma. Kaona picha, kafungua mpira wa gari lake, kajivika shingoni, kapanda boda. Kasema lake halina safari, mkirudi mtaniletea mwingine

[13:27] Tatu: Sisi hapa tulikuwa bado tunachanga

[13:27] Mama Iddi: Tatu!

[13:28] Tatu: Samahani mama. Ila kweli.

[14:40] Baba Mdogo Salimu: Beringi ya nyuma kushoto au kulia?

[14:41] Mama Iddi: Salimu?

[14:42] Baba Mdogo Salimu: Natoka kazini saa kumi. Maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, yatakuwa hayajafungwa. Na Noah kesho si inapita Korogwe? Iddi ukisimama nitumie picha ya mpira huo, na mwaka wa gari lake.

[15:10] Iddi: Tuko Same baba, nimezima hita, shangazi amenisamehe. Mwaka ni ule ule wa yangu, 2003. Beringi kulia. Mpira usichukue ule mwepesi, ubonye, ukibonyea kama wa bustani acha. Na klipu mbili za skrubu, pana, zisizokuwa na meno makali.

[15:11] Baba Mdogo Salimu: Sawa.

[15:12] Mama Iddi: Na kisu cha Mwanahawa. Kizuri.

[18:26] Shangazi Mwanahawa: Tumefika Moshi salama. Nanuka moshi na grisi. Vitunguu vizima

[18:50] Baba Mdogo Salimu: 📷 Picha
Nimepata. Muuzaji aliponisikia ni ya kumrudishia mtu aliyevua kwenye gari lake, kanipunguzia kwenye beringi. Kumbe na yeye anayo Subaru. Mko wengi.

JUMAMOSI

[05:04] Baba Mdogo Salimu: Noah imetoka. Aliyesahau kitu amekisahau.

[10:20] Mama Iddi: Mmefika wapi? Ndoa ni saa kumi, na Salimu wewe ndiye shahidi.

[10:48] Mama Iddi: Salimu pokea simu.

[11:15] Tatu: Shangazi mdogo kanitumia picha kutoka Korogwe. BaMdogo kavua kanzu yuko fulana, kainama kwenye Impreza iliyo juu ya matofali, kashika tochi 😂😂😂

[11:16] Iddi: 😂😂😂 Muulizeni gari la mashindano hilo likoje

[11:22] Mama Iddi: Salimu!!

[11:31] Baba Mdogo Salimu: Nusu saa tu shemeji. Tunatoa hewa.