Naomba ushauri: ChatGPT inipangie sauti za wimbo wa kwaya?

Mtunzi Chipukizi: Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Natunga nyimbo za kwaya parokiani kwetu, Mwanza. Nina wimbo wa Pasaka; maneno na soprano (sauti ya juu kabisa) ni vyangu, ila kupanga sauti nyingine kunanisumbua. Nimeipa ChatGPT solfa (nota za herufi d r m f s l t) ya soprano, ikaniletea sauti za chini yake, yaani alto, tena (tenor) na besi, papo hapo. Tukiimba, kuna mahali wimbo unapwaya na sioni kwa nini. Niendelee nayo? Na wimbo utabaki wangu?

Mwl wa Kinanda: Milele amina. Unapwaya wapi? Weka nota.

Mtunzi Chipukizi: Kwenye "amefufuka". Soprano inatoka s kwenda l, besi d kwenda r.

Mwl wa Kinanda: Ndipo hapo. Kutoka d hadi s ni umbali wa nota tano, r hadi l ni tano vilevile, na zote zinapanda pamoja. Besi inapoteza njia yake, inakuwa kivuli cha soprano. Ishushe besi hadi f ya chini, alto m kwenda f, sauti ya tena ibaki d. ChatGPT inaandika solfa kama maandishi tu, haisikii. Ingiza nota kwenye MuseScore, programu ya bure ya kuandika na kucheza nota, usikilize kila sauti peke yake. Halafu hakikisha "fu" ya pili ndiyo inaangukia pigo zito. AI hukosea sana hapo kwa Kiswahili, na waamini watasikia neno limepinda.

Besi wa Nyuma: Kuhusu umiliki, maneno na soprano ulivyotunga ni vyako. Tunza rasimu zako, ukasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ila usiiachie mashine itunge wimbo mzima. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilisema Januari 2025 kwamba kuiandikia maelekezo tu hakukufanyi mtunzi. Suno na Udio, programu za AI za kutunga muziki, nazo zilishtakiwa huko Juni 2024 na kampuni kubwa za muziki, kwa madai ya kufunza mashine kwa rekodi zao bila ruhusa.

Alto Mama: Mdogo wangu, mimi naitumia kuuliza kanuni nisizozielewa. Kupanga napanga mwenyewe, maana najua alto wangu wanafika wapi.

Mtunzi Chipukizi: Asanteni sana. Ile f tumeiimba jioni hii, imekaa! Mwalimu, "Aleluya" ya mwisho soprano inashuka m r d. Besi d s d ni sawa?

Mwl wa Kinanda: Sawa kabisa, s iwe ya chini. Alto ipe d t d, na sauti ya tena s s m.