Biti za hama zinaisha pembeni huku katikati bado mpya: watengenezaji, mnatuuzia nini?

Wakuu, sizunguki. Biti nyingi za hama (nyundo ya hewa inayogonga mwamba ndani ya shimo) za kuchimbia visima zilizojaa sokoni zina ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo uko pembeni. Biti inatolewa shimoni meno (vile vifundo vigumu vya usoni vinavyovunja mwamba) ya katikati yakiwa yanang'aa kama hayajaonja mwamba, ila ya pembeni yamelika hadi mwili wa chuma unasugua ukuta wa shimo. Biti nzima inatupwa na sehemu kubwa ya tungsteni kabaidi yake, malighafi ngumu ya hayo meno, haijafanya kazi.

Hesabu yake si siri. Chukua biti ya milimita 165 inayozunguka mara 25 kwa dakika: jino la ukingoni linasafiri karibu mita 13 kila dakika, wakati lile lililo milimita 30 kutoka katikati halifikishi hata mita 5. Tena hilo la ukingoni ndilo linalokata kona, pale mwamba unapokuwa umebanwa na ukuta na sakafu kwa pamoja. Sasa kwa nini mtu anayejiita mbunifu aweke pembeni meno machache yenye ukubwa uleule wa katikati? Katikati weka ya milimita 14, pembeni weka 16 au 18, yalale kwa nje kwa nyuzi 35 hivi. Huo ni ubunifu wa kawaida kabisa, hatuombi muujiza.

La pili linaniudhi zaidi kwa sababu halionekani dukani. Kichwa cha biti kinatakiwa kipungue kidogo kadiri unavyopanda kuelekea shingoni, ili meno ya ukingoni pekee ndiyo yawe sehemu pana kuliko zote. Hizi za bei rahisi zimechongwa zimenyooka kama mkebe. Meno yakilika milimita moja tu, sehemu pana inahamia nyuma ya meno, biti inaanza kung'ang'ania, fundi anaongeza mzigo, na meno ya ukingoni yanapasuka kwa kubanwa. Kabla hujalipa, shika kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) upime kipenyo juu ya meno ya ukingoni, kisha pima kichwa nyuma yake. Vipimo vikilingana, iache hapohapo.

Hewa nayo. Shimo la milimita 165 lenye rodi (mabomba yanayobeba hama) za milimita 89 linahitaji karibu mita za ujazo 14 za hewa kwa dakika ili chenga, yaani vipande vya mwamba uliovunjwa, zipande kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde. Kompresa inaweza kutoa hiyo na zaidi, lakini kama mifereji ya ubavuni mwa biti ni midogo, hewa inapita kwa kasi kali mahali pembamba ikiwa imebeba mchanga wa mwamba. Inakula chuma kinachoshikilia meno. Chenga nazo zinabaki chini zikitwangwa mara ya pili, na mita unazochimba zinashuka.

Ukirudisha biti, jibu la muuzaji ni lilelile: mmezungusha kasi mno. Kasi inaua biti, hilo kweli, ila biti yenyewe inaonyesha nani kakosea. Jino limeng'oka na tundu lake limebaki la mviringo, safi, bila ufa? Halikubanwa vizuri kiwandani; tundu linatakiwa liwe dogo kuliko jino kwa sehemu chache za mia za milimita. Chuma kimelika kuzunguka jino kwanza? Tazama mifereji na hewa. Jino limekatika usawa wa mwili wakati halijalika? Shuku kabaidi ngumu mno yenye kobalti (metali inayoshikamanisha kabaidi) kidogo kuliko mwamba unavyotaka. Kasi ikiwa ndiyo mkosaji, utaona meno yote ya ukingoni yamelika kwa kiasi kimoja yakiwa na ubapa ulioinamia nje.

Na mafundi, tusijifiche hapo. Ubapa ukifika theluthi moja ya kipenyo cha jino, yaani karibu milimita 5 kwa jino la 16, simamisha ukanoe hadi jino lirudie umbo lake. Kwenye mwamba usiokwaruza sana ubapa hauji haraka, ila uso wa jino unajaa nyufa ndogo kama ngozi ya nyoka. Noa ziondoke hata kama jino bado ni la duara, la sivyo litapasuka ghafla. Halafu hii ya kushusha biti mpya kwenye shimo lililoanzwa na biti iliyolika ikome. Pima biti zako, anza na pana, malizia na nyembamba.

Tunachodai kwa watengenezaji ni kidogo. Chongeni kwenye shingo kipenyo halisi cha ukingoni, ukubwa wa meno ya pembeni na ya katikati, na daraja la kabaidi. Acheni kuuza uso wa biti wa aina moja kwa kila mwamba: uso bapa na meno ya duara kwa mwamba mgumu unaokwaruza, wenye bonde katikati pale shimo linapotakiwa kunyooka, meno yaliyochongoka kwa mwamba laini.

Wenye biti zilizotoa meno, wekeni hapa picha ya tundu kwa karibu, kipenyo cha jino, aina ya mwamba, mizunguko kwa dakika na mita zilizochimbwa. Picha ya biti kwa mbali haitusaidii kitu.