Kama darasa halijui kumpa mwalimu pole, litajifunzaje Biolojia?

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Morogoro

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Swali ninalolileta ni la siku nyingi, lakini mimi nimelipata darasani: je, masomo ya sekondari yaendelee kufundishwa kwa Kiingereza, ilhali sisi tuliotoka shule za Kayumba, yaani shule za msingi za serikali, tumekaa miaka 7 ya msingi tukisoma kila kitu kwa Kiswahili isipokuwa somo moja?

Naomba nianze na kisa. Tulipokuwa kidato cha kwanza, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na kipindi baada ya chakula cha mchana, na kila alipoingia tulisimama na kupaza sauti, "Gudi aftanuni ticha!" Naye akituuliza hali, tukaitikia kwa pamoja, "Wi a faini, thenki yu ticha, endi yu?" Wimbo huo tulikuwa nao tangu shule ya msingi, na hakuna aliyewahi kusikiliza jibu la lile swali la mwisho, kwa sababu jibu lilikuwa lile lile kila siku. Siku moja mwalimu aliingia amevaa sweta, na joto la Morogoro mnalijua. Tulipomaliza wimbo wetu akasema taratibu, "Ai amu noti faini. Ai hevu malaria." Darasa zima, sauti zaidi ya 60, likaitikia kwa furaha, "Thenki yu ticha!" na kukaa chini.

Mwalimu alishika meza akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha maneno ya Kiingereza yakamwishia, akatueleza kwa Kiswahili kwamba alikuwa ametoka zahanati muda ule ule. Hapo ndipo tulipoona aibu, kwa kuwa hakuna mtoto wa kwetu asiyejua la kusema mkubwa anapoumwa. Tulitaka kumpa pole. Akatufundisha tuseme "sori". Mwenzetu mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, sori ni ya mtu aliyekosa, na sisi hatujakukosea." Mwalimu alifikiri kwa muda mrefu, chaki mkononi, na ubaoni hakuandika kitu.

Nyumbani nako Kiingereza kinanifuata. Mama analima nyanya, na siku aliyonunua dawa ya wadudu yenye maelezo ya Kiingereza alinipa kichupa kwa fahari mbele ya majirani nimsomee. Ningeweza kumwambia kitenzi kiko katika wakati gani, lakini sikuweza kumwambia aweke vifuniko vingapi kwenye bomba la lita 15, wala akae siku ngapi kabla ya kuchuma. Ilibidi nirudi duka la pembejeo, na muuzaji akaeleza yote kwa Kiswahili kwa dakika mbili.

Mwaka jana, kwenye jaribio la Biolojia, tuliulizwa jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Sentensi ya Kiingereza niliyoikariri ilidondoka neno moja katikati na nikashindwa kuiendeleza, kwa hiyo nikaandika jibu pembeni kwa Kiswahili. Nilipata sifuri. Ninauliza kwa moyo wote: siku ile nilikuwa ninapimwa Biolojia au Kiingereza?

Mwalimu wa Kiingereza, miaka 19 kazini, Mbeya

Marahaba, mwanangu. Nimekisoma kisa chako mara mbili na mara zote mbili nimecheka, lakini kuna maneno manne uliyoyapitisha haraka ambayo yamenichoma: "maneno ya Kiingereza yakamwishia". Umejuaje kwamba yalimwishia? Mtu mwenye homa ya malaria, amesimama mbele ya watoto 60 waliomshukuru kwa kuumwa, anapogeukia Kiswahili hafanyi hivyo kwa upungufu. Amewahurumia. Alitaka mwelewe.

Ninasema hivi kwa sababu kila mjadala wa lugha katika nchi hii unaishia kwa mwalimu, kwamba mwalimu hajui Kiingereza, mwalimu anachanganya lugha, mwalimu ndiye chanzo. Mimi nimepokea kidato cha kwanza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mwaka ninapewa wiki chache za kozi ya kuwavusha watoto kutoka lugha waliyoisomea kwa miaka 7 kwenda lugha ambayo wengi wao hawajawahi kuombea hata maji ya kunywa. Baada ya hapo mwenzangu wa Historia anaanza Historia, wa Jiografia anaanza Jiografia, nao wanategemea kwamba mimi nimekwisha kuwavusha. Tunachanganya lugha kwa sababu ndilo daraja pekee tulilo nalo, na anayelivunja daraja hilo kwa fimbo, au kwa kibao cha kumvalisha mtoto shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili, anafundisha woga tu.

Kuhusu swali lako la Biolojia nitarudi. Kwanza nilitaka hilo la walimu liondolewe mezani.

Mzazi wa watoto wawili, Kibaha

Mwalimu, heshima yako ninaitunza, lakini dawa ya ugonjwa huu inajulikana. Anzeni Kiingereza mapema. Watoto wangu wako Inglishi midiamu tangu chekechea, ninalipa ada kwa taabu kubwa, na leo wanasoma maelezo ya dawa yoyote wakiwa darasa la nne. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Sasa mnataka watoto wa maskini wafungiwe ndani ya Kiswahili halafu wakatafute kazi wapi? Hata ile tume iliyopendekeza Kiswahili sekondari, nadhani ni enzi za Mwinyi, serikali iliikataa, na ilikuwa na sababu zake.

Mtafsiri, Dar es Salaam

Ndugu mzazi, haikuwa enzi za Mwinyi. Ilikuwa Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, ikatoa mapendekezo yake mwaka 1982, Nyerere akiwa bado madarakani, na ilitaka Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza kufikia mwaka 1985. Serikali haikukubali sehemu hiyo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari na kukuta kwamba wengi hawakuwa na uwezo wa kukitumia kujifunzia masomo mengine. Tiba iliyofuata ikawa ni kuongeza vitabu vya Kiingereza kwa msaada wa Waingereza hao hao, na lugha ya kufundishia ikabaki pale pale. Miaka 30 baadaye, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, huku Kiingereza nacho kikiendelea. Mpaka leo mwanafunzi wa Morogoro anapata sifuri kwa jibu la Kiswahili.

Kuhusu Nyerere, kauli hiyo ni yake kweli, na aliitoa kuwahimiza watu wajifunze Kiingereza. Lakini ni huyo huyo aliyemtafsiri Shakespeare, mara ya kwanza mwaka 1963 kwa tamthilia ya Kaizari, kisha mwaka 1969 kwa *Mabepari wa Venisi*. Alikiona Kiswahili kuwa ni lugha inayoweza kubeba mashairi magumu kuliko yote ya Kiingereza, na bado wapo wanaosema haiwezi kubeba jani la mmea. Mzazi anayelipa ada ili mtoto apate lafudhi ananunua lafudhi.

Mzazi wa watoto wawili, Kibaha

Sikununua lafudhi. Neno hilo limeniudhi na ninaomba ulifute. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2012, na wanaoukumbuka mwaka ule wanajua jinsi matokeo yalivyotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakiwa na sifuri, mpaka serikali ikaagiza yapangwe upya. Nilikuwa mmoja wa waliopata sifuri. Nilikuwa ninaijua Kemia, na mwalimu wangu alikuwa ananiita mbele niwaeleze wenzangu. Kwenye chumba cha mtihani nililisoma swali moja mara sita bila kuelewa lilitaka nieleze au nilinganishe. Unapowaona watoto wangu na mikoba yao asubuhi, usinihesabie lafudhi. Ninawaepusha na chumba kile.

Mtafsiri, Dar es Salaam

Nimelifuta, na pole sana. Neno lile halikustahili.

Hata hivyo, ndugu yangu, kisa chako kinaunga mkono upande wangu kuliko wako. Ulikuwa unaijua Kemia.

Msomaji, Bagamoyo

Mimi nimebaki kwenye "pole". Yule mtoto wa dawati la nyuma alikuwa sahihi, na ninashangaa kwamba mnapita juu yake. Mtu akijikwaa njiani tunampa pole, akitoka kazini pole na kazi, akisafiri pole na safari, akifiwa pole na msiba, na hakuna kosa lililotendwa na yeyote. Nimefanya kazi hotelini na wageni kwa miaka mingi, na kila nilipomwambia mgeni "sori" kwa kujikwaa kwake, aliniambia kwamba si kosa langu.

Mwanafunzi wa Kiswahili, Mombasa

Ndugu wa Bagamoyo, hata huku kwetu Kenya hali ni hiyo, ingawa shule zetu zinatumia Kiingereza tangu shule ya msingi. Ila sikubali kwamba hoja ya neno moja inathibitisha jambo. Kiingereza nacho kina maneno ambayo Kiswahili hakina, na kila lugha ina pengo lake. Msifanye "pole" kuwa mtihani wa taifa.

Msomaji, Bagamoyo

Hakuna aliyesema mtihani wa taifa. Nilichosema ni kwamba mtoto alifikiri. Aliitazama maana ya neno na kuikataa, na aliweza kufanya hivyo kwa sababu wakati ule darasa lilikuwa limegeukia Kiswahili. Dakika moja kabla, darasa hilo hilo lilikuwa limemshukuru mtu kwa kuugua.

Fundi magari, Tandika

Naomba na mimi niseme, ingawa elimu yangu ni ya darasa la saba. Wapo wanaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Njooni gereji. Tuna injini, klachi, gia boksi, shokapu, nozeli, gasketi, silinda hedi, plagi. Hayo yalitoka kwa wazungu, sasa ni yetu, na kijana anayekuja kujifunza anayashika kwa wiki moja kwa sababu anavishika vitu vyenyewe mkononi. Gari likichemsha ninamweleza kwamba chuma kikipata joto kinatanuka, na silinda hedi ikitanuka kupita kiasi inapinda, kisha gasketi inakufa, maji na oili vinakutana, na utaona oili imekuwa kama chai ya maziwa. Anaelewa siku hiyo hiyo, na kesho yake ananiuliza maswali ambayo mimi mwenyewe lazima nifikiri. Kijana wangu mmoja alikuwa amefeli Fizikia kidato cha nne. Nilipomweleza habari ya chuma kutanuka aliniambia kwamba walisoma darasani, aliandika kwenye daftari, na alikuwa hajui kwamba ndiyo hii.

Nimeumia sana kusikia hivyo. Miaka minne.

Mzazi wa watoto wawili, Kibaha

Fundi, hapo umenigusa. Lakini kitabu cha gari jipya kikija kwa Kiingereza, huyo kijana atafanyaje?

Fundi magari, Tandika

Atakisoma, kama amefundishwa Kiingereza vizuri kama somo. Sijasema kisifundishwe. Mimi mwenyewe ningekitaka, kwa sababu magari ya siku hizi yana kompyuta na ujumbe wake hauji kwa Kiswahili. Nimesema tu kwamba asizuiwe kuijua injini mpaka akijue Kiingereza.

Mwalimu wa Kiingereza, miaka 19 kazini, Mbeya

Niliahidi kurudi. Niseme wazi jambo ambalo walimu wengi wa somo langu wanaogopa kulisema: Kiingereza kikipewa kazi ya kubeba masomo yote, hakipati nafasi ya kufundishwa. Ninakimbizana na mtihani. Sina muda wa kumfundisha mtoto kusoma kichupa cha dawa ya nyanya, kuandika barua ya kuomba kazi, au kumwelekeza mgeni njia, ambayo ndiyo matumizi atakayokutana nayo. Kama Biolojia ingefundishwa kwa Kiswahili, ningepata watoto wanaojua tayari mmea unakulaje, na kazi yangu ingekuwa kuwapa maneno ya Kiingereza kwa jambo wanalolielewa. Hiyo ni kazi ninayoiweza na ninayoipenda. Ya sasa ni kuwapa maneno wasiyoyajua kwa mambo wasiyoyajua.

Mwanangu wa Morogoro, nilikukasirikia mapema na hasira imeisha. Ninakuomba jambo moja. Lile jibu uliloliandika pembeni mwa karatasi, unalikumbuka?

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Morogoro

Ninalikumbuka, mwalimu, na nisamehe kwa yale maneno manne, kwa kuwa mwalimu wangu yule ninampenda na sikumaanisha kumshusha. Niliandika hivi: "Majani ya mmea yana rangi ya kijani inayokamata mwanga wa jua. Mmea unatumia nguvu ya mwanga huo kuunganisha maji yanayotoka kwenye mizizi na hewa ya kabonidayoksaidi inayoingia kwenye matundu ya majani, unapata sukari ambayo ndiyo chakula chake, na unatoa oksijeni ambayo sisi tunaivuta." Swali lilikuwa na alama 5.

Mwalimu wa Kiingereza, miaka 19 kazini, Mbeya

Nimemwonyesha mwenzangu wa Biolojia hapa ofisini bila kumwambia limetoka wapi. Amesoma, akachukua kalamu nyekundu, akaandika 5.