Kachomwa na taa Kigamboni, leo siku ya tatu mguu bado umevimba. Tufanyeje?

Mama Nasra: Wakuu, salaam. Jumamosi tulikwenda ufukweni Kigamboni, mnajua joto la kaskazi, ndani hakukaliki hata feni ikizunguka. Maji yalikuwa yamekupwa, mume wangu anatembea kwenye maji ya magotini kambeba mtoto. Ghafla akapiga ukelele, akanirushia mtoto. Tukaona wingu la mchanga likikimbia chini ya maji. Vijana wa pale wakasema hiyo taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Kidonda chenyewe kidogo, juu ya kisigino, ila mwanaume mzima alilia. Usiku maumivu yakapungua. Leo Jumatatu kifundo kimejaa, kuna mahali ukibonyeza anaruka, na kidonda kinatoa majimaji. Mwenyewe anasema kitapoa. Jirani kaleta mafuta ya taa tupake.

Kipanga wa Feri: Pole shemeji. Ila hayo mafuta ni ya kibatari 😂 Jina tu limefanana!

Nahodha Mstaafu: Nimevua Tanga miaka mingi, nimechomwa mara mbili. Dawa ya palepale ni maji ya moto. Mguu unautumbukiza kwenye beseni, moto wa kuvumilika, nyuzi 40 hadi 45 hivi, saa moja au saa moja na nusu, yakipoa unaongeza. Pima kwa mkono wako, maana mguu uliochomwa haujui tena moto, utambabua. Sisi mashuani tulitumia maji ya chai. Lakini hiyo ilikuwa ya Jumamosi, mwanangu. Leo maji ya moto hayamsaidii.

Tabibu wa Zamu: Nahodha kasema kweli. Mpeleke hospitali leo, mama. Mwiba wa taa una meno kama msumeno yaliyoelekea nyuma. Huingia kirahisi, kutoka hutoka kwa kuchana, na vipande hubaki ndani. Hapo anaporuka ndipo pananitia wasiwasi. Waambie mlichomwa na taa, waulize kuhusu eksirei. Msichokonoe kwa pini. Na msinunue vile vidonge vya rangi mbili duka la dawa, dawa aandikiwe akishaonwa. Kingine, pepopunda: wewe ulichomwa sindano kliniki ukiwa mjamzito, yeye je? Wanaume wengi mara ya mwisho ni utotoni. Akipata homa, au uvimbe ukipanda kuelekea goti, usingoje kukuche.

Mama Nasra: Nimemuuliza. Hakumbuki sindano yoyote tangu shule ya msingi.

Binti Likoni: Pole dadangu. Huku kwetu watoto hufunzwa kuburuta nyayo, wasinyanyue miguu. Taa hujifukia mchangani maji machache; akisikia mtikisiko huenda zake. Ukimkanyaga mgongoni ndipo mkia hupinda ukachoma.

Kipanga wa Feri: Jumapili nitaonekana natembea kama nimevaa ndala za babu.

Mama Nasra: Mrejesho. Tumetoka usiku huu. Eksirei imeonyesha kipande, wamekitoa, kidogo kama ncha ya kucha, kimechongoka pande zote mbili. Kidonda wamekiacha wazi, hakikushonwa, tunarudi keshokutwa kusafisha. Pepopunda kachomwa. Sasa kalala. Mafuta nimemrudishia jirani, kapokea bila kuniangalia usoni.