Hagler na Leonard, 1987: tulitazame kwa sauti au tuizime?

PenseliYaRaundi

Wakuu, salaam. Onyo kwanza: uzi huu unataja matokeo. Kama hujawahi kuliona pambano la Marvin Hagler na Sugar Ray Leonard la Aprili 6, 1987, usiendelee kusoma. Shuka mpaka chini kabisa, andika "nimo", basi.

Kama mnavyojua, huwa tunatazama mapambano ya zamani pamoja mtandaoni, kila mtu na video yake, na zamu ya kuongoza pambano lijalo imeniangukia mimi. Tumeshajiandikisha watu 14, na wanne kati yetu hawalijui kabisa, hata mshindi hawamjui. Hao wanne ndio wananinyima usingizi.

Mara iliyopita tuliangalia Diego Corrales na José Luis Castillo, la Mei 2005. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza. Raundi ya 10, Corrales kaenda chini mara mbili. Ile ya pili katoa kinga ya meno, refa Tony Weeks kamkata pointi, watu wa kona yake wanamrudishia kinga mdomoni, mimi nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Hapo hapo mwenzetu mmoja, ambaye video yake ilikuwa mbele ya yangu, akaandika "Corrales kashindaaa!" Kwenye skrini yangu Corrales uso umevimba, bado hajarudi hata katikati ya ulingo. Zile sekunde zilizofuata, ambazo watu wanazisimulia hadi leo, nilizitazama nikiwa tayari najua zinaishia wapi. Hakuwa na nia mbaya, furaha ilimzidi. Lakini mara ya kwanza haina marudiano, na sitaki mwingine anyang'anywe yake.

Kwa nini nimechagua Hagler na Leonard? Marehemu baba aliacha kanda ya video ya pambano hili. Nyuma ya kasha lake la karatasi alijichorea kadi ya pointi kwa penseli, raundi 12, safu mbili, mshindi wa raundi 10, aliyeshindwa 9. Jumla: Hagler 115, Leonard 113. Raundi 11 zimeandikwa mara moja, zimekaa. Ile ya 9 imefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi imechubuka, ukiiinua kwenye taa unaona mwanga unapita. Angeiacha kwa Leonard, kadi yake ingesoma 114 kwa 114. Mimi nimelihesabu pambano hili mara tatu, kila mara nampa Leonard, na kila mara raundi ya 9 ndiyo inanitesa. Nataka niliangalie na watu wanaojua ngumi, kila mtu na kadi yake.

Sasa maswali yangu. Tuzime sauti au tuiache? Pointi tuzitaje kila raundi au tufiche hadi mwisho? Na hawa wanne tuwalinde vipi?

---

KengeleYaKwanza

Mkuu, hilo la video kupishana lina dawa. Kosa letu ni kuhesabu "moja, mbili, tatu, bonyeza" mwanzoni mwa video. Kila nakala ina utangulizi wake: moja inaanza na mabondia wakiingia, nyingine na nyimbo za taifa, nyingine imekatwa. Sifuri yetu iwe kengele ya raundi ya kwanza. Kila mmoja aipeleke video yake mpaka hapo, asimamishe, asubiri amri ya kiongozi.

Halafu mapumziko tuyatumie. Raundi dakika tatu, pumziko dakika moja. Raundi 12 na mapumziko 11 ni dakika 47. Kila kengele ya mwisho wa raundi, wote tunasimamisha. Kiongozi akiona watu wote wameandika "tayari", tunaachia tena. Aliyetangulia anasubiri, aliyechelewa anafika. Nakala zilizokatwa mapumziko zisitumike, zitatuvuruga.

Na sheria iwe moja tu: kuanzia kengele hadi kengele, hakuna kuandika. Hata "duh" usiandike. Mtu akisoma "duh" anajua kuna ngumi inakuja.

Jambo lingine ambalo watu hawalifikirii ni urefu wa video, nao unasema siri. Safari hii tuna bahati kwa sababu pambano lilikwenda raundi zote, na kujua hivyo hakukuambii nani kapewa. Lakini siku tukiangalia Hagler na Thomas Hearns la 1985, mgeni akiona video fupi atajua mapema kwamba halifiki mbali. Liliisha raundi ya tatu! Kwa pambano la namna hiyo ni bora kiongozi atafute nakala yenye mahojiano marefu mwishoni, au wageni waambiwe wafunike ule mstari wa muda.

---

KonaYaBluu

Sauti izimwe. Nasema hivi kwa pambano hili hasa. Leonard alikuwa amepigana mara moja tu ndani ya miaka mitano, na retina ya jicho lake iliwahi kufanyiwa upasuaji. Alijua hawezi kupigana dakika tatu nzima kila raundi. Kwa hiyo alikuwa anazunguka, anakumbatia, anazunguka, halafu sekunde 30 za mwisho anafungua mvua ya ngumi za haraka haraka. Nyingi zinaishia kwenye glavu na mikono ya Hagler, lakini watazamaji wanalipuka, na mtangazaji analipuka nao. Ukiwa na sauti unaandika 10 kwa Leonard kabla hujajiuliza ngapi zilitua.

Zima sauti, utaona Hagler anavyosogea, anavyogonga mbavu, anavyomlazimisha mwenzake afanye kazi. Mimi kwa sauti nilikuwa na Leonard 116 kwa 112. Bila sauti nikapata Hagler 115 kwa 113, sawasawa na mzee wako, Mungu amrehemu.

Pointi zifichwe. Mtu wa kwanza akitaja zake, wa pili anaona haya kuwa tofauti.

---

MashotoMwenzao

Mimi napinga, na nitaeleza. Nilicheza ngumi za ridhaa miaka sita, baadaye nikakaa kona, kuwahudumia mabondia. Ukikaa kona unaijua ngumi kwa mlio. Iliyotua kwenye glavu inapiga "pa!", kali na tupu. Iliyoingia ubavuni mlio wake mzito, wa ndani, kama mtu kaangusha gunia, na mara nyingi unasikia na pumzi ikimtoka aliyepigwa. Picha ya kamera moja haikuonyeshi hilo, hasa bondia akikupa mgongo. Mnaozima sauti mnaziba mayowe, sawa, lakini mnaziba na ushahidi.

Kuhusu Hagler, ninampenda kuliko wengi humu, ila zile raundi za mwanzo alizigawa mwenyewe. Bingwa ni mashoto, mtu wa mkono wa kushoto, dunia nzima inamjua kwa hilo, halafu anatoka kwenye kona akiwa amesimama kama mtu wa kulia. Nikiangalia naumia. Mashoto ana silaha moja ambayo wengine hawana: mkono wake wa nguvu unatokea upande ambao mpinzani hajauzoea. Ukiiweka chini silaha hiyo mbele ya mtu mwepesi kama Leonard, unampa muda wa kupata miguu yake na kujiamini. Alipogeuka kuwa mashoto pambano lilibadilika, lakini deni lilikuwa limeshalala kwenye kadi. Na kambi yake ilikubali raundi 12 badala ya 15. Raundi tatu zile zingekuwa za nani? Mimi sina shaka.

Ndiyo maana siwalaumu sana majaji waliompa Leonard, isipokuwa yule wa 118 kwa 110. Huyo anasema Hagler alishinda raundi mbili tu kati ya 12! Wawili waliobaki waliandika 115 kwa 113, mmoja kwa Leonard, mwingine kwa Hagler. Hao naweza kukaa nao meza moja.

Wageni waambiwe tu kwamba mshindi wa raundi anapata 10, aliyeshindwa 9. Na tafadhali tusiwasimulie chochote kuhusu maisha ya Hagler baada ya usiku ule. Ukisema "hakupanda tena ulingoni", umeshawaambia kila kitu.

---

PenseliYaRaundi

Asanteni sana, ndugu zangu. La kengele nimelichukua lote, na kimya cha kengele hadi kengele pia. Pointi zinakuja kwangu kwa ujumbe wa siri kila raundi ikiisha, na ukishatuma hubadilishi. Nitazitangaza zote baada ya raundi ya 12, kabla hatujafungulia uamuzi wa majaji.

La sauti limenikalisha jana usiku. Nilitoa ile kanda nikaangalia raundi ya 9 peke yake, mara mbili. Bila sauti niliona Hagler kamfungia Leonard kwenye kona, na Leonard anajinasua kwa ngumi nyingi, anafungiwa tena, anajinasua tena. Nikampa Leonard kwa ule ujasiri. Kisha nikafungua sauti, nikajaribu kusikiliza chini ya mayowe kama alivyosema MashotoMwenzao. Ile milio mizito, zaidi ya nusu ilikuwa ya Hagler. Baba hakuwahi kupigana, lakini alikuwa na tabia ya kuinamia televisheni, sikio mbele. Nilidhani hasikii vizuri.

Kwa hiyo tutafanya hivi: pambano zima tunazima sauti, kama KonaYaBluu anavyotaka. Baada ya kadi kutangazwa na majaji kusikika, tunairudia ya 9 kwa sauti kamili, na kila mtu anaruhusiwa kuandika pointi za pili kwa raundi hiyo moja tu. MashotoMwenzao, naomba uwe wewe unayetueleza milio. Ni Jumamosi. Kila mtu aje na karatasi na penseli, nami nitakuja na kasha la baba.

---

MgeniUlingoni

Nimo. Nimesoma onyo, nikashuka hadi hapa bila kusoma kitu. Swali moja tu: mabondia wenyewe siwajui kwa sura. Nitawatofautishaje?

---

PenseliYaRaundi

Karibu sana, dada. Mwenye kipara ni Hagler.