Mjadala: Bima ilipe vipimo na dawa, au ilipe nafuu ya mgonjwa?

Binti Kyela (mleta mada)

Wadau, salaam. Mama yangu ana kisukari. Ndala mpya zilimtoa malengelenge kisiginoni, yakageuka kidonda. Kwa miezi minane tulikuwa wageni wa hospitali moja ya binafsi, sitaitaja. Kila safari ni yale yale: kumwona daktari, sukari ya kidole, kusafisha kidonda, antibayotiki, na mara mbili eksirei. Kabla hatujaondoka, dada mmoja mpole dirishani anaelekeza kwa kalamu: "Mama, saini hapa, na hapa." Sijasikia fomu hata moja ya bima iliyorudishwa. Ulipoingia mwezi wa tisa wa safari hizo, mguu ukakatwa chini ya goti, na fomu ya upasuaji nayo ikalipwa.

Katikati ya safari hizo tulikwenda kijijini Krismasi, tukampitisha zahanati kubadilisha bendeji. Muuguzi akatoa rula ya plastiki, zile za watoto wa shule, akaifuta kwa spiriti, akaiweka pembeni ya kidonda. Sentimita 3 kwa 2 na nusu. Akaandika kwenye daftari la mama. Wiki iliyofuata, 4 kwa 3. Akasema, "Hiki kinakua. Msikae nacho." Mjini nikampa daktari daftari lile. Akalitazama, akanirudishia, akaandika antibayotiki nyingine.

Fomu ile ina jina, namba ya kadi, ugonjwa, vipimo, dawa, bei na jumla. Haina mahali pa sentimita.

Kuna mtu wa Harvard, Michael Porter, anasema thamani ya tiba ni matokeo yenye maana kwa mgonjwa, ukigawanya kwa fedha iliyotumika tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi nikigawanya, juu napata mguu mmoja. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Machi 2024 kitita kipya (orodha ya huduma na bei zake) cha NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kilipoanza, hospitali kadhaa za binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama, na ugomvi wote ukawa bei: ya kumwona daktari, ya dawa, ya kipimo. Bei hiyo inamnunulia mgonjwa nini, halikuwa swali la mtu.

Hoja yangu: mifuko ya bima iache kulipa kila kinachofanyika, ianze kulipa kinachofanikiwa. Karibuni mnipinge.

Karani wa Madai

Pole sana, na mpe pole mama. Mimi ni yule wa "saini hapa, na hapa", ila wa hospitali nyingine. Nakupinga.

Ukilipa kwa kupona, nani atampokea asiyepona? Hesabu vifo tu uone: Muhimbili, hospitali ya taifa, itaonekana machinjio, zahanati ya kata itaonekana peponi. Zahanati haifiwi kwa sababu kila anayeelekea kufa wanampandisha gari la wagonjwa. Siku mfuko ukisema unalipa nafuu, magari hayo yataongezeka, na pa kuyapeleka hapatakuwepo.

Tena kisukari ndiyo ugonjwa mbaya kuliko yote kwa hoja yako. Mgonjwa anapewa insulini, nyumbani hana friji. Anaambiwa apunguze ugali, na ugali ndicho kilichopo. Sukari isiposhuka, hospitali ikatwe?

Mstaafu wa Halmashauri

Vijana mnabishana kana kwamba hapa hapajawahi kujaribiwa kitu. Mwishoni mwa miaka ya tisini kulikuwa na mradi wa TEHIP, Rufiji na Morogoro Vijijini. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki, alianza na homa, alikuwa na degedege, aliumwa siku ngapi. Majibu yakawekwa kando ya bajeti ya wilaya. Ikaonekana malaria inabeba karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, lakini mwaka 1996 ilikuwa imetengewa asilimia 5 hivi ya fedha. Nilikuwa ofisi ya mipango wilaya nyingine. Tulipoletewa ile grafu tulicheka, kisha tukanyamaza, maana hata yetu tuliipanga kwa kunakili ya mwaka uliopita.

Wakaongezewa fedha kidogo, kama dola moja kwa kichwa kwa mwaka, wakahamisha vipaumbele: vyandarua, na mafunzo ya kumtibu mtoto mzima badala ya kutibu kikohozi chake peke yake. Ndani ya miaka mitano vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa hiyo matokeo yapimeni, lakini yapimeni kwa wilaya. Msimpime daktari mmoja kwa mguu mmoja.

Kuwalipa posho watoa huduma kwa kutimiza malengo nako tulijaribu, Pwani, 2011. Tathmini ilikuta huduma mbili kati ya nane zilizolengwa ndizo zilizopanda bila ubishi: kujifungulia kituoni, na dawa za kuzuia malaria kwa wajawazito. Hizo sita zingine, posho ilikwenda wapi?

Binti Kyela

Mzee, shikamoo. Hiyo ya Rufiji nimeielewa. Ila wilaya yenye grafu nzuri bado inaweza kumkata mama yangu mguu, na grafu isitikisike.

Mkaazi wa Kisumu

Niwape ya huku Kenya. SHA, bima ya afya ya serikali, ilipoanza Oktoba 2024 viwango vilikuwa hivi: mama akijifungua kawaida, shilingi 10,000. Akipasuliwa, 30,000. Wewe ni mkurugenzi wa hospitali ndogo, stima hujalipa, wauguzi wanadai mshahara wa miezi miwili. Saa nane usiku kuna mama uchungu wake unaenda polepole. Sisemi daktari ni mwizi. Nasema 20,000 ya katikati iko ndani ya chumba kile pamoja nao. Na ukisawazisha bei, yule anayehitaji kisu kweli ataambiwa aende hospitali ya kaunti. Sijaona bei isiyomsukuma mtu upande fulani.

Bodaboda Msomi

Mnahesabu gharama za nani? Kuna bibi nimempeleka kliniki mara kumi na moja, 6,000 kwenda na kurudi, na mjukuu wake anakosa shule amshike mkono. Kwenye fomu ya Karani hiyo hela haimo. Mfuko ukisema umeokoa kwa kumwambia arudi kila baada ya wiki mbili, umeokoa mfukoni mwa bibi.

Nesi wa Leicester

Huku Uingereza wamekubali kupanga bei hadharani. Taasisi yao ya NICE, inayopima kama dawa ina thamani ya bei yake, kwa miaka mingi ilikuwa ikitazama pauni 20,000 mpaka 30,000 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya. Dawa ikizidi hapo, ilibidi ijieleze sana. Wagonjwa wa saratani wamelia na mpaka huo, na mimi nimekaa nao wodini, sitausifu.

Kinachonivutia ni kingine. Tangu 2009 mgonjwa wa kubadilishiwa nyonga au goti anajaza dodoso kabla ya upasuaji, na tena miezi sita baadaye. La nyonga lina maswali kumi na mawili: unaweza kuvaa soksi, kupanda ngazi, kwenda dukani mwenyewe? Kisha hospitali zinalinganishwa baada ya kuzingatia umri na maradhi mengine, kwa hiyo hofu ya Karani ina dawa, ingawa si dawa kamili. Aliye nyuma anaonekana.

Ila tusinakili soksi. Mama yangu wa Tanga ukimuuliza soksi atakucheka. Muulize kama anaweza kusujudu. Kama anachuchumaa chooni bila kushika ukuta. Kama anakaa kwenye mbuzi akamaliza nazi mbili.

Binti Kyela

Karani amenisogeza, nakiri. Nafuta "kulipa kwa kupona". Naomba safu moja tu kwenye fomu: kidonda kimeingia na sentimita ngapi leo. Kikikua mara mbili mfululizo, fomu ya tatu isilipwe mpaka kuwe na rufaa au maelezo ya daktari. Miezi minane ya fomu ingekuwa wiki tatu.

Karani wa Madai

Hapo tunakaribiana, lakini mimi nakaa na hizo karatasi. Nimeona wodi nzima ina joto la 36.8, asubuhi na jioni, siku tatu mfululizo. Weka sharti la sentimita, utaona vidonda vinavyosinyaa kila mwisho wa mwezi.

Binti Kyela

Basi apime mgonjwa na aandike mwenyewe, ndipo asaini. Mama alikuwa fundi cherehani miaka thelathini, futi ilikuwa inashinda shingoni mwake. Hakuna aliyemwambia kwamba kidonda nacho kinapimwa.