Mitetea wanahema mchana kutwa na maganda ya mayai yamekuwa laini. Tatizo joto au ugonjwa?

Mama Tetea, Tabata
Habari za jioni wakuu. Nina mitetea 8 chotara, wa mapenzi tu na mayai ya nyumbani, si biashara. Banda ni la tofali pande tatu, mbele wavu, juu bati tupu, kimo futi 5. Chini maranda. Joto hili la Januari, kuanzia saa tano asubuhi midomo wazi, mabawa wameyaachia, chakula hawagusi. Mayai yamepungua na mengine ganda linabonyea kwa kidole. Maji ni ya bomba, yanapitia tangi jeusi la juu. Mchana namwaga maji sakafuni ili wapoe, lakini naona wanazidi kuhema. Niwape dawa gani?

Fundi Banda
Dada, acha kwanza kumwaga maji. Kuku hatoki jasho. Anajipoza kwa kuhema: unyevu wa kooni unapokauka unaondoka na joto. Hewa ya Dar msimu huu tayari ina unyevu mwingi, na ukiongeza mwingine ndani ya kuta tatu unaziba njia pekee waliyonayo. Maranda yaliyolowa nayo yanatoa ile harufu ya kuwasha macho na kuamsha ugonjwa wa kuhara damu. Yatoe yote, weka makavu, inchi 2 tu. Tabaka nene linatunza joto.

Kazi kubwa iko juu. Bati tupu kwa kimo cha futi 5 ni jiko. Inua paa lifike angalau futi 7 upande wa chini, kisha tandika makuti JUU ya bati, yakiwa yamelala kwenye fito ili hewa ipite kati yake na bati. Usiyaweke kwa ndani, yatakuwa maskani ya panya na utitiri. Kama makuti hayapatikani, paka bati rangi nyeupe. Inasaidia, ingawa haifikii kivuli.

Halafu toboa ukuta. Upepo wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo ukuta unaotazama huko ubaki kozi (mistari ya tofali) tatu za chini, juu wavu. Fungua na ukuta wa mkabala, la sivyo upepo hauna pa kutokea. Wavu uwe wa matundu madogo, kicheche haingii.

Kaskazi na Kusi
Niongezee kwenye maganda. Kuku akihema sana anapoteza hewa ya kaboni iliyo kwenye damu, na ganda la yai limejengwa kwa kaboni hiyo pamoja na chokaa. Papo hapo anakula kidogo, kwa hiyo hata chokaa inapungua. Ndiyo maana linabonyea.

Wape chakula saa 12 asubuhi, kiondoe saa 3, rudisha saa 10 jioni mpaka giza. Kumeng'enya chakula kunazalisha joto mwilini, na hutaki joto hilo liwakute saa saba mchana. Jioni weka makombe ya pwani yaliyopondwa, chembe kubwa kama mahindi yaliyoparazwa, kwenye chombo chake peke yake. Ganda hujengwa usiku. Chembe kubwa inakaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole, unga unapita upesi. Usichanganye kwenye chakula cha wote kama una vifaranga, chokaa nyingi inaharibu figo zao.

Maji: mtetea mmoja hunywa kama robo lita siku ya kawaida, kwenye joto huweza kufika nusu. Kwa 8, andaa lita 5. Yachote alfajiri kabla tangi halijapata jua, tumia chungu cha udongo kwani kinayapoza chenyewe. Weka vyungu viwili mbalimbali kivulini, maana mtetea mbabe huwafukuza wenzake. Badilisha saa sita na saa tisa. Maji ya uvuguvugu hawanywi vya kutosha.

Mama Tetea, Tabata
Asanteni sana. Je, nikimkuta mmoja ameanguka? Na nitajuaje kuwa si mdondo (kideri)?

Kishingo
Akiyumba au akilala, mpeleke kivulini penye upepo, tumbukiza miguu kwenye maji ya kawaida, lowesha upanga wa kichwani na chini ya mabawa. Barafu usitumie. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Mwekee mbele anywe mwenyewe.

Kuhema kwa joto hakuna sauti na kunaisha jua likizama. Kama saa mbili usiku bado anahema, anakoroma, kinyesi cha kijani au shingo inapinda, mtenge na umwite bwana mifugo. Mdondo hauna tiba, ni chanjo tu. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, rudia kila miezi 3, kwa kuku wasio wagonjwa pekee, asubuhi mapema. Ibebe kwenye barafu na uiweke mbali na jua. Ukitumia chanjo ya kunywesha, usichanganye na maji ya bomba hivi hivi, klorini inaiua. Tumia ya mvua au kisima kisichotiwa dawa, au tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita, subiri nusu saa ndipo uweke chanjo.

Mkiongeza kuku baadaye, tafuteni kishingo. Shingo isiyo na manyoya inatoa joto vizuri.